Fundi Asiyefukuzika

Nyundo ilianza kugonga pale pale nesi alipofumba macho.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku, miguu imemvimba, na kitu pekee alichokitamani duniani kilikuwa usingizi. Akajifunika mto kichwani. Nyundo ikanyamaza. Akashukuru. Mashine ya kutoboa ukuta ikapokea zamu.

Tangu ahamie hapa hajawahi kulala mchana akashiba. Kila akirudi asubuhi anamkuta yule fundi wa nyumba ya pili ameshaanza. Kila akienda kazini jioni anamwacha bado anagonga. Ovaroli ile ile, penseli ile ile sikioni. Kama kelele zingekuwa kazi, angekwisha kusimamisha ghorofa.

Siku hiyo akavaa ndala, akaenda kubisha hodi.

Mama wa nyumba ile alikuwa barazani, anapika kwa jiko dogo la gesi, masufuria yamepangwa sakafuni, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi.

"Karibu, jirani. Usikanyage hapo, hapajakauka."

"Hapajakauka tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

Nesi akachungulia ndani. Alikwisha kuona majeruhi wa kila aina, lakini hakuwahi kuona jiko lililoumia namna ile. Vigae vimepanda na kushuka kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mlango wa kabati jipya haufunguki mpaka ufungue dirisha kwanza. Sinki limelalia ubavu, maji yanakimbilia ukutani na kulikwepa tundu. Katikati ya vurugu hiyo fundi amepiga magoti, anapiga mluzi.

"Aa, karibu, shemeji! Pole na kelele."

Nesi akakunja uso. Shemeji? Fundi gani huyu asiye na mipaka?

"Kazi inaisha lini?" akamuuliza.

"Bandu bandu huisha gogo, shemeji."

"Gogo liliisha zamani," mama wa nyumba akadakia kutoka nje. "Sasa anabandua ukuta."

Nesi akarudi barazani, akamvuta jirani yake pembeni.

"Dada, huyu ulimpata wapi?"

"Aliletwa na shangazi yangu. Alimsifu mpaka mate yakamkauka. Mtulivu, hana makuu, ana mikono ya dhahabu."

"Nawe ukakubali tu, hujaona kazi yake?"

"Alikuja amependeza, jirani. Nikasema, huyu huyu."

"Mna mkataba?"

"Tena wenye mashahidi."

"Huo mkataba unasema amalize lini?"

Mama wa nyumba akacheka hadi mwiko ukamponyoka. "Ule hauna mwisho, jirani. Nami niliutia saini huku natabasamu."

Nesi akashika kiuno. Hivi ndivyo wanawake wapole wanavyoliwa mchana kweupe.

"Na chai unampa?"

"Chai, chakula, na hiyo ovaroli naifua mimi."

"Dada! Amekuroga?"

"Huenda."

"Sasa kwa nini usiite mkandarasi?"

"Nimemwambia hivyo hivyo. Akanuna siku nzima. Anasema hakuna mkandarasi atakayelipenda jiko hili kama yeye." Hapo kicheko kikamwisha, sauti ikashuka. "Nimechoka, jirani. Mikono inaniwasha kwa saruji. Nimechoka kupikia nje kama mtu aliyefukuzwa kwake."

Maneno hayo yakamchoma nesi kuliko nyundo. Usingizi wote ukamruka.

"Nina kaka yangu mkandarasi, mtu wa uhakika. Nimlete?"

"Mlete hata kesho. Ila huyu utamwambia wewe. Mimi mdomo wangu hautafunguka."

"Niachie mimi. Kazi yangu ni kuwapa watu habari mbaya. Wanalia, halafu wananishukuru."

Kesho yake kaka mtu akaja na pima maji yake. Akailaza ukingoni mwa sinki. Kiputo cha hewa kikakimbilia pembeni, kikajibanza huko huko, hakikurudi. Kaka akavua kofia taratibu, kama mtu aliyeingia penye msiba.

"Tunabomoa," akasema.

Nesi akavuta pumzi, akasimama mbele ya yule wa ovaroli. Akatumia sauti yake ya wodini, ile laini isiyokubali kubishiwa.

"Fundi, hatugombani. Umejitahidi, Mungu anaona. Lakini leo ndiyo mwisho. Mwenye nyumba ameamua kutafuta mwingine, mwenye uwezo. Kusanya vilivyo vyako, uondoke salama."

Fundi akamtazama mkandarasi kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vinavyong'aa. Halafu akamtazama mama wa nyumba, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mabega yanamtikisika. Nesi alikizoea kilio cha namna ile. Akampapasa mgongoni.

"Jikaze, dada. Siku za mwanzo ni ngumu, lakini huyu mpya utamzoea."

Fundi akaweka nyundo chini. Akajifuta mikono kwenye ovaroli, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mke wangu," akasema, "watoto wakirudi kutoka bweni, utawaambia baba yao kafukuzwa kwa kosa gani?"