Kigurudumu cha Jicho

Mezani kwenye kibanda cha chai, Kasian aliigeuza tena ile kamera ndogo mkononi. Ilikuwa nyepesi, lenzi safi, na ilipiga bila kusita. Kilichomtia shaka ni ngozi ya kahawia iliyobandikwa mwili mzima, mpaka chini, ikafunika namba ya utambulisho.

"Nimeipigia picha za ndege hapo mbugani miaka miwili," alisema muuzaji. "Hajaishika mtu mwingine, kaka."

Kasian alivua miwani yake nzito. Kwa macho yake, kamera ya mtu mwingine huonyesha ukungu mtupu, mpaka azungushe kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, kinachokilinganisha kioo na jicho la mwenye kamera. Tangu kamera yake iibwe harusini Ruhembe, amekuwa akiazima za watu na kuzungusha kila mara.

Aliweka jicho, kidole tayari kwenye kigurudumu, akalenga vitunguu vya mama muuza mboga ng'ambo ya barabara.

Kila ganda lilionekana wazi.

Kidole kilibaki pale pale.

"Wewe huvai miwani?"

"Mimi? Macho yangu mazima, kaka."

Kasian alijivika mkanda wa kamera shingoni, taratibu.

"Basi kaa, mdogo wangu," alisema. "Tuagize chai."