Swichi Chini ya Dashibodi

Akello alishika tochi huku fundi akichungulia chini ya usukani wa Pijo kuukuu ya mumewe, kwenye gereji moja ya mtaa wa Obunga.

Taa za mbele zilikuwa na tabia ya kuzima ghafla. Mumewe alisema nyaya zimezeeka. Jioni ile mama yake Akello alipozidiwa kule Ahero, taa zilizima wakiwa njiani, walipofika Nyamasaria, na mumewe akageuza gari kurudi nyumbani. Walifika kesho yake, mama ameshakufa. Mumewe hakuwahi kupatana na mama mkwe wake huyo.

"Mama, nyaya ni nzima," fundi alisema. "Lakini kuna mtu alificha swichi hapa. Ukibonyeza, taa zinazima."

Akello aliketi kwenye kiti cha dereva, akapapasa chini ya dashibodi. Kilikuwa kitufe kidogo cheusi, kimelainika katikati kwa kubonyezwa mara nyingi. Alikibonyeza. Mwanga uliokuwa ukutani mbele ya gari ukatoweka. Akabonyeza tena, ukarudi.

"Nikitoe?" fundi aliuliza.

"Kiache."

Simu ikalia. Mumewe alitaka kujua gari liko wapi.

"Liko kwa fundi," Akello alisema. "Kuja unionyeshe vile ulikuwa unazima taa."