Nyundo Iliyofungwa

Mzee Shekue alikuwa mkusanyaji wa saa za kale. Ukutani kwa Bi Mwantumu aliiona aina aliyoitafuta miaka mingi: sanduku la mninga, uso wa kauri, mishale ya shaba. Ilitembea vizuri, ila haikugonga.

"Unavyoitazama! Umekuja kununua au kuposa?" Bi Mwantumu alimtania.

"Ukikubali, mahari natoa leo."

Mzee Shekue alifungua kimlango cha saa. Nyundo ya kengele ilikuwa imeviringishwa kitambaa laini na kufungwa fundo.

"Nilikifunga mimi," alisema Bi Mwantumu, na utani ukamwisha. "Mwanangu alipolala mgonjwa chumba cha ndani, kila ikigonga alishtuka. Nikamwahidi kwamba akipona nitakifungua."

Mzee Shekue alirudisha kimlango taratibu. "Basi ibaki, dada yangu. Mungu amrehemu."

"Amina. Hapana, ichukue. Lakini ifungue hapahapa, niisikie mara moja."

Mzee akalegeza fundo. Mshale mrefu ulikuwa karibu kufika juu. Bi Mwantumu alikwenda kufungua mlango wa chumba cha ndani, akaacha uwe wazi kabisa, akasimama kizingitini ameinua viganja.