Upepo wa Dirisha la Mashariki

Mzee Shemdoe hakuwa na shahada, hakuwa na mtoto wa kumtuma, wala hakuwa na ruhusa ya kufungua dirisha lake mwenyewe. Mjini kwao madirisha yote yaliendeshwa na mtambo uliokokotoa mwendo wa hewa, ili kila nyumba ipate upepo wa haki.

Mkewe, Mwanahawa, alibanwa na kifua.

"Mume wangu, hesabu zako za shule ya jioni haziwezi kunipatia hewa kidogo?"

"Zinaweza. Ila upepo hauongezeki, unahamishwa tu."

Alichora mtaa sakafuni kwa chaki, akafuata mkondo kona hadi kona. Likifunguliwa dirisha la mashariki, upepo utapungua wapi? Jibu lilimshangaza. Majirani hawakuguswa. Mkondo ulijikunja penye soko, ukafia mtaa wa pili, chumbani kwa Bi Tunu, aliyejifungua juzi.

"Kokotoa tena," mkewe alisema.

"Nimeuuliza mtambo, nao umesema hivyo hivyo."

"Kwani kichanga huvuta hewa kiasi gani?"

Mzee alipangusa chaki mikononi, akachukua karatasi.

Kanuni ilimtaka mwombaji amwandikie atakayepungukiwa. Asipokataa kufikia kesho yake, dirisha hufunguka. Mzee aliandika kwa adabu na kueleza kila kitu, kurasa tatu nzima.

"Mzazi hana nafasi ya kusoma yote hayo," Mwanahawa alisema taratibu.

"Najua," alijibu. Akaifunga bahasha kwa gundi, akampa tarishi.