Jirani Mchora Nyumba

"Sasa hata wageni wangu wa harusi unataka kuwapangia pa kuchezea?" Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Jirani, umezidi."

"Mradi wasicheze huko ghorofani," alisema msanifu majengo. "Wakacheze uani. Turubai nitakodi mimi."

"Juzi ilikuwa tangi la maji, tulishushe kutoka kwenye paa, eti linakuudhi macho. Jana makabati ya vitabu ya mume wangu. Leo miguu ya wageni. Kesho utatukataza kupumua."

Waliokuwa kwenye dirisha la ghorofani wakaangua kicheko.

Mtaa ulishajua kisa cha msanifu. Nyumba ile ya jirani ndiyo iliyompa jina. Aliichora akiwa kijana, kwenye meza ya jikoni kwa mama yake. Leo ana kampuni na wachoraji kibao chini yake. Sebule ile pana, isiyo na nguzo hata moja, ilipamba kalenda zake zote. Kila mteja alikuja na wimbo mmoja: nichoree kama ile. Akawachorea.

Mwaka huu ndipo akahamia nyumba inayopakana nayo. Kutwa yuko ukutani, anachungulia. Ameomba kuinunua ile aliyoichora, wakakataa. Ameomba tena, wakamcheka. Kijicho hicho, watu walisema. Kawajengea wenzake, sasa roho inamuuma.

Muziki ukapanda. Huko juu watu wakaanza kuruka kwa pamoja, bibi harusi katikati.

Msanifu akainua macho. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kola.

"Dada, chukua nyumba yangu. Bure. Hamieni sasa hivi, na wageni wenu wote."

"Una homa wewe?"

"Watoe watu. Ile sakafu ya juu, nimerudia hesabu. Nilikosea. Nimejua tangu mwaka jana, nikaogopa kusema, kampuni ingekufa. Haitawabeba."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Tangi limekushinda, vitabu vimekushinda, sasa nyumba inaanguka. Hukosi jipya wewe." Akamshika mkono kwa upole, akamvuta ndani. "Leo hatugombani, jirani. Njoo ule. Kiti chako tumekuwekea juu, katikati ya watu."