Humu Ndani Hapana

Petronila alikuwa akifuta vumbi kwenye picha za Wakristo wa kwanza wa parokia, kwa ajili ya jubilei, mwanaume alipoingia kanisani mbio na kuanguka kati ya mabenchi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa panga hadi mfupa ukaonekana.

Tangu asubuhi koo mbili zilikuwa zikipigania mashamba ya mpakani.

Alipomgeuza, akamtambua. Ndiye aliyemuua mwanawe kwa mshale mwaka juzi, na mahakama ikamwachia kwa kukosa mashahidi.

"Mama, nifiche," akasema.

Vijana wa ukoo wa Petronila walikuwa tayari mlangoni, mapanga yakichuruzika damu.

"Shikamoo, mama," mmoja akasema. "Tupishe. Unajua alichokufanyia."

"Marahaba. Humu ndani hapana," Petronila akajibu. "Babu zenu walichoma matofali haya pamoja na babu zake, wote wakabatizwa hapa siku moja. Hakuna mtu atakayechinjwa humu."

Vijana wakatazamana. Kisha wakarudi nyuma, wakasimama uani kwenye jua.

Yule majeruhi akaanza kulia. "Mungu akubariki, mama."

Petronila akamshika miguu yote miwili, akaanza kumburuta kuelekea mlangoni. Mwanaume akaukamata mguu wa benchi kwa mkono wake mzima.

Petronila akapiga magoti kando yake, akaanza kuvibandua vidole vyake, kimoja kimoja.