Kanga ya Asumini

Mtoto alikwishawalilia mayaya wawili mpaka wakaondoka, na kesho lazima Asumini arudi kazini. Huyu wa tatu, Siwema, alimfunga tu mgongoni, akaendelea kupepeta mchele, na mtoto huyo akalala. Asumini mwenyewe humbembeleza saa nzima.

"Hebu nipe mwanangu," akasema.

Mtoto akaamka analia, mikono kamnyooshea Siwema.

"Dada, usingizi tu huo."

"Wa kunifundisha wewe? Nimemzaa mimi."

Lakini kazi haingoji. Asumini akavua kanga aliyolala nayo. "Kesho njoo. Ila ujitande hii, wala usiifue. Asikie harufu yangu, si yako."

Siwema akajitanda, akampokea. Mtoto akainusa kanga, akaisogeza kando kwa kiganja, akalaza shavu kwenye shingo ya Siwema.